Sidiria ya Mkamwana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo Nyanjige kaniletea jambo la aibu. Kaja hapa kibarazani saa nne, wateja wamekaa, anasema baba Januarius njoo ndani. Nikamwambia sema hapo hapo. Akasema hili halisemwi hapo. Mke niliyeishi naye miaka arobaini na nane namjua. Nikainuka.

Anataka nimshonee mkamwana wetu sidiria.

Nikasema umerukwa na akili! Mimi na Eufrasia hata mkono hatupeani. Nikifika uani kwake nakohoa kwanza. Kigoda alichokalia sikikalii. Ndivyo tulivyolelewa, na sitakuwa mimi wa kwanza kuharibu.

Hakubisha. Kanieleza tu. Eufrasia alikatwa titi la kushoto mwaka juzi, kansa, hilo nalijua. Mwezi wa tatu mwaka huu alipokwenda Dar es Salaam wakamwekea jingine, mfuko wa silikoni ndani ya ngozi. Hilo nilikuwa nalijua nusu, maana mimi siulizi. Sasa sidiria aliyopewa kule imelegea. Za mtumba pale sokoni zote zina waya chini, na daktari kakataza waya. Titi lishikwe lisihame, lakini lisibanwe na lisisuguliwe. Ngozi ya pale ni nyembamba. Ikitoboka mfuko unatolewa, na ukitolewa haurudi. Ngozi ya kuufunika haitatosha tena.

Shule zinafunguliwa mwezi ujao, na Eufrasia ni mwalimu. Mwaka jana alikuwa anajaza vitambaa. Siku moja anaandika ubaoni, kitambaa kikadondoka mbele ya darasa la tano. Nyanjige kasema hivyo akajifuta macho kwa kanga.

Nimesema nitafikiri.

Nimeshafikiri. Kama si mimi, nani Bariadi hii? Salu? Salu hata kola inamshinda!

Jumatano, 11 Juni

Vipimo vimekuja. Nyanjige hajui kusoma futi, kwa hiyo nilimpa uzi, nikamwambia zungusha, funga fundo. Kaleta uzi una mafundo manne. Hatukutazamana. Kauweka juu ya cherehani kama mtu anayeweka yai.

Nimenunua sidiria moja ya mtumba nikaifumua nione ndani. Vipande kumi na saba! Suti haina ujinga huo. Na mimi ndiye niliyeshona suti ya kwanza ya vipande vitatu katika mji huu. Wapo waliobisha. Wengi wamekufa.

Yangu itakuwa hivi. Waya hakuna. Mkanda wa chini mpana, vidole vinne. Mikanda ya mabega mipana, isikate nyama. Kulabu zikae mbele, maana Nyanjige anasema mkono wa kushoto haufiki mgongoni tangu akatwe. Kitambaa pamba tupu. Mkoa mzima umejaa pamba, malori yanapita hapa kutwa nzima, halafu mkamwana wangu avae nailoni!

Jumamosi, 14 Juni

Imekwisha. Nzuri!

Nimepiga mshono wangu wa mara mbili, ule wa kaptula za khaki. Kaptula zangu zinarithiwa. Kaka akimaliza shule anavaa mdogo wake. Sidiria hii Eufrasia ataiacha duniani.

Salu aliniona nikipima vikombe vikae sawa. Yeye ana cherehani kibaraza cha pili, macho yake yako kwangu siku zote. Akapaza sauti watu wasikie. Mwangaluka mzee! Naona leo unashonea mapacha kofia!

Nikamwambia nashona mfuko wa kuzibia mdomo wako, ila kitambaa hakitoshi.

Watu walicheka upande wangu.

Nyanjige kaifunga kwenye gazeti, kapeleka. Mimi sikuuliza.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya tano na hakuna malalamiko. Nilijua.

Asubuhi Eufrasia alipita kwenda kisimani. Akapiga goti mbali kule kwenye ua wa minyaa. Shikamoo baba. Marahaba mayu, mama. Asante kwa kazi, baba. Nikatazama pembeni nikauliza, inatosha? Akasema inatosha, baba.

Unaona. Fundi anajulikana kwa neno moja.

Aliondoka ndoo kaishika mkono wa kulia, wa kushoto kaubana kifuani. Nadhani ni baridi ya asubuhi. Mwezi wa sita una baridi.

Ijumaa, 20 Juni

Haikuwa baridi.

Nyanjige kamkuta amelala mchana, ana homa. Kamfungua. Chini ya titi la kuwekewa pamekuwa pekundu, pamevimba, alama ya mshono wangu imeingia kwenye ngozi kama njia ya ng'ombe. Ngozi pale kama ganda la kitunguu.

Kaitwa nesi Specioza, jirani yetu, anafanya kazi zahanati. Kampa dawa. Kachukua kalamu akauzungushia ule wekundu mstari. Kasema Jumanne awe Mwanza kwa daktari, keshapiga simu. Wekundu ukivuka mstari, msingoje Jumanne.

Halafu kamuuliza, mwalimu mzima, umevaaje kitu kinachokuumiza siku sita?

Eufrasia akajibu, ningemwambiaje baba mkwe kwamba kazi yake inauma?

Nyanjige kanieleza hayo amesimama mlangoni. Hakukaa. Sijala.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi nilimuuliza Nyanjige. Ule uzi, ulipima titi lipi?

Akainama kufagia.

Lipi?

Lile la kwake, akasema. Lile jingine nililiogopa. Ningelibonyeza likapasuka?

Na juu ya gauni, au ngozi?

Juu ya gauni. Namvuaje nguo mke wa mwanangu?

Nilipandisha sauti. Nikamtukana. Akaniacha nimalize, kisha akasema, na wewe fundi mkubwa hukuuliza kwa nini uzi una kipimo cha titi moja.

Kweli. Mafundo manne. Kikombe kimoja tu. Niliyaona. Nikakata vikombe viwili sawasawa kwa sababu nguo ni pande mbili sawa, miaka hamsini nakata hivyo. Titi ni titi, nilijisemea.

Mchana nimemtuma akalishike. Nimemwambia shika polepole, uje uniambie. Kaenda, karudi. Anasema ni gumu kidogo, kama ugali uliolala. Limekaa juu kuliko mwenzake. Akilala chali mwenzake anasambaa, lenyewe limesimama tu. Linajaa chini na upande wa kwapa.

Basi yote nimekosea! Lile la kwake linataka kunyanyuliwa. Hili halitaki kunyanyuliwa, limeshanyanyuka. Linataka kuwekewa ukuta kwapani lisikimbie. Na mimi nililikandamiza kutoka chini, tena kwa mshono wa kaptula.

Nikamwambia Nyanjige siwezi kushona nguo ya pande mbili tofauti. Nguo hiyo ni nguo iliyoharibika. Watu watasema fundi Mihayo kazeeka, macho yamekufa.

Akasema watu gani watamwona mke wa mwanao ndani ya nguo?

Januarius kapiga simu kutoka Malampaka, yuko kwenye malori ya pamba, hawezi kutoka kabla ya Jumatatu usiku. Kasema baba nisaidie. Tangu amekua hajaniambia neno hilo.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda misa. Mungu anajua.

Nimetia maji kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga vizuri, nikaingiza kwenye soksi. Kushoto. Mtama kwenye soksi nyingine. Kulia. Nikafunga mlango. Nikaziweka kwenye vikombe vya sidiria ya kujaribia, nikavaa mwenyewe.

Nikarukaruka.

Wa kucheka acheke, daftari hili ni langu. Nimejifunza mengi kwa dakika tano kuliko kwa ile ya mtumba. Mikanda ya mabega haibebi kitu, inavuta tu. Unaobeba ni mkanda wa chini, kwa hiyo uwe mpana zaidi, vidole vitano, na ukae chini ya kidonda, usipite juu yake. Upande wa maji unakimbilia kwapani kila nikitua. Pale panataka kipande kirefu kinachopanda juu. Na mishono yote igeuzwe nje. Ndani pawe laini, kama mkate ulivyo ndani. Uso wa nguo utakuwa mbaya. Uwe mbaya!

Nyanjige kafungua mlango kabla sijavua. Katazama. Nikamwambia funga mlango.

Akafunga, yuko ndani. Akasema, soksi ya kulia imeshuka sana, Eufrasia hajafikia hapo. Tukacheka. Sisi wawili, katika siku kama hii.

Nesi Specioza kapita jioni. Wekundu haujavuka mstari. Haujarudi nyuma pia. Kasema kwa basi bila kushikwa, lile titi litarukaruka hadi Mwanza na kuivuta ngozi. Likishikwa vibaya, litasuguliwa hadi Mwanza. Kwa hiyo mzee, akasema, kesho jioni nataka nguo.

Anajua kuamuru huyu mama.

Jumatatu, 23 Juni

Basi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sidiria mpya ya kwanza ilikuwa tayari saa mbili. Nikamwita Nyanjige apeleke. Yuko uani anachambua choroko. Hakuinua kichwa.

Sipeleki, kasema. Nilibeba uzi, ukabeba uongo. Nikabeba neno lake, inatosha, nalo uongo. Leo msemezane wenyewe.

Nikasema haijawahi kutokea.

Akasema na titi la kununua nalo halijawahi kutokea kwenu.

Nimetundika shuka kwenye mlango wa chumba cha ndani, nimeipigilia misumari juu na pembeni. Eufrasia kapitishiwa mlango wa nyuma. Mimi huku na cherehani, yeye kule. Naona vidole vya miguu tu chini ya shuka. Nimegeuza kiti nisione hata hivyo.

Nikaipitisha ile ya kwanza kwa fimbo ya kupimia. Nikasikia kitambaa. Nikangoja. Nilipangusa chaki mikononi mara mbili, mimi ambaye nilimpima mkuu wa wilaya nikamwambia vuta tumbo!

Nikauliza.

Akasema, inatosha, baba.

Nikamwambia sikia mayu. Hilo neno ndilo lililokulaza. Sitaki kulisikia ndani ya nyumba hii. Hapa si baba mkwe, hapa ni fundi. Mteja anayeogopa fundi anakwenda na nguo mbaya.

Nyanjige uani kaacha kupepeta.

Halafu, sauti ndogo. Inabana kwapani.

Vizuri. Wapi kwapani? Juu au chini?

Chini. Palipo na kidonda kile cha bomba.

Bomba gani? Sikujua kama kulikuwa na bomba. Kumbe waliweka mpira wa kutolea maji, pakabaki kovu. Uzi hauwezi kusema hayo! Nikampitishia chaki na fulana yangu ya zamani. Vaa, nikamwambia, chora kila panapouma. Karudisha fulana imejaa chaki kama ramani. Kovu la bomba. Kovu refu la kupasuliwa, linakwenda upande ambao mimi nisingedhani. Na ule mstari wa nesi, kauchora mviringo. Mkubwa. Mkubwa kuliko nilivyofikiri.

Niliitandika mezani nikaitazama muda.

Saa tano, ya pili. Akasema kwapani sawa, lakini kulabu ya chini inachoma. Nimeitoa, nimeweka kamba za kufunga, kamba za pamba.

Saa saba, ya tatu. Akasema huku kwa kulia kumelegea. Kisha akasema, bila kuulizwa, baba, mkanda huu umepinda. Umepinda! Mimi! Nikataka kusema kitu. Nikaupima. Umepinda.

Salu kachungulia kutoka kibarazani. Mzee leo hufungui? Nikamwambia nina mteja. Akasema mteja gani anapimwa kwa shuka? Nikamwambia mteja anayejua nguo kuliko wewe. Kumbe Eufrasia kasikia. Nilisikia kacheka, kidogo, halafu akakatisha kama titi limemuuma.

Saa tisa. Ya nne iko mwilini. Kasema ngazi kama za basi humu hakuna, ngoja nitembeetembee. Miguu inakwenda, inarudi. Inakwenda, inarudi. Kwapani? Sawa. Mkanda? Sawa. Kulia? Sawa. Kushoto, chini?

Miguu imesimama.

Kasema hapaumi, baba. Lakini pana joto.

Joto la kitambaa?

Kamwita mama mkwe wake. Nyanjige kapita mbele yangu na ungo mkononi, choroko zinamwagika, kaingia nyuma ya shuka. Nikasikia anasema geuka kwenye dirisha. Nikasikia anasema ngoja. Nimeacha kushona sidiria ya akiba, nimeshika kalamu, maana mikono inataka kitu.

Nimeuliza, mstari? Umevuka?

Nyanjige anasema leta simu, mpigie Specioza. Hasemi umevuka. Hasemi haujavuka.

Eufrasia ndiye aliyesema, kwa nguvu, sauti ya darasani. Baba, mbona cherehani imenyamaza? Shona!