Mfalme Asiyetakiwa Kukwaruzwa

Rath Darach,
Munster, Ayalandi.
Siku mbili baada ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji.

Mpendwa Binamu Ronan,

Salamu zikuvukie bahari hadi huko monasterini kwa Wafranki, kama masikio yako bado yanataka lugha yetu baada ya Kilatini chote hicho. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Wanakulisha, au ni kufunga tu? Huku sisi ni wazima, ng'ombe wamezaa, siagi ipo tele, nami nimerefuka na kupendeza mpaka wasichana wanamwaga maziwa nikipita. Naandika mwenyewe, kwa hiyo usizicheke herufi zangu. Abati alinifukuza kabla hatujafika mwisho wa masomo.

Sasa nikupe linalonichoma. Mfalme wetu alifariki wakati wa Kwaresima, Mungu amrehemu. Kila mtu alijua atakayeshika nafasi yake ni Ailill, ndugu yetu tuliyelelewa naye nyumba moja. Lakini mavuno yaliyopita, wewe ukiwa umeshaondoka, majirani walikuja kuiba ng'ombe. Ailill akawazuia langoni, na shoka likaondoka na kiganja chake cha kushoto. Ng'ombe walibaki wote. Mkono ndio uliokwenda.

Basi kwenye baraza akasimama mwamuzi Becan, akasema mfalme mwenye kilema hukausha maziwa na kuozesha shayiri. Nikamwuliza, maana mimi siogopi mtu, mbona Yakobo alichechemea na Mungu akambariki vilevile. Akanijibu Yakobo alikuwa mchunga kondoo, si mfalme, nami nikae chini. Binamu, wewe uliyesoma, huko hakuna jibu la kumnyamazisha mzee huyu? Ng'ombe wa Ailill wanatoa maziwa kuliko wake. Nimewaona kwa macho yangu.

Akachaguliwa Muirchu. Ndiyo, huyohuyo. Ana vidole ishirini kamili na hawezi kuvihesabu. Siku ile Ailill anakatwa mkono, huyu tulimtoa ndani ya tanuri la kukaushia nafaka alikojificha, amejaa majivu mpaka kwenye kope.

Na sheria iliyomtoa Ailill inamsubiri na yeye. Akipata kovu usoni tu, ufalme kwisha. Kwa hiyo haingii msituni asije akachomwa na mwiba, hapiti kwenye mizinga ya nyuki, hata ndevu hanyolewi. Majirani waliporudi baada ya Pasaka, mfalme alibaki ndani kutunza sura. Ailill ndiye aliyejifunga ngao kwenye kigutu, akatuongoza, tukawarudisha ng'ombe. Kwenye karamu nani akakatiwa paja, nyama ya mfalme? Muirchu. Akalitafuna polepole, asije akajing'ata ulimi.

Hapo nilishindwa. Nikamvuta Ailill pembeni nikamwambia, unanijua na kombeo, mimi sikosi. Kijiwe kimoja jichoni, na kesho Muirchu ni mtu wa kawaida kama sisi.

Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Mdogo wangu," akasema, "ukimtoboa huyo watatafuta mwingine mzima. Utatoboa macho mangapi mpaka mkono wangu uote?"

Nikalirudisha kombeo kiunoni, nikaenda kulala.

Asubuhi yake akanipeleka kwa Muirchu, akamwambia amemletea mlinzi mwenye jicho kali kuliko wote. Sijui alikuwa ananiadhibu au ananitania. Sasa natangulia mbele ya mfalme nikivunja matawi, nikifukuza nyuki, nikishika mbwa wasimrukie. Wenye kesi wakija wanaupita mlango wake na kuuliza kwa Ailill ni wapi, nami ndiye ninayewaonyesha njia. Jana Muirchu alinishukuru, akasema tangu nije analala vizuri. Nilitaka kulia kwa hasira.

Shangazi Lasair, mama yake Ailill, anakusalimu na anakufumia soksi. Ailill mwenyewe anakusalimu, anasema usimsikilize sana Cuan, yaani mimi. Nawe jihadhari na shoka la kuni, maana nasikia hata padre akipungukiwa kidole hasogezwi altareni. Mungu akutunze wewe pamoja na viungo vyako vyote.

Na mimi uniombee, Binamu, kwa bidii. Kombeo bado liko kiunoni, na bwana huyu analala chali.

Wako akupendaye, mzima asiyefaidi uzima wake,
Cuan