Mtoto Aliyeokotwa Njiani

Wajina wangu,

Tafadhali barua hii isome peke yako, usimwonyeshe mtu. Uoga wa siku zangu za ukarani haujaniisha hadi leo. Nyanya yako ni mzima, mawele yameiva, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umeuliza kwa nini ulipewa jina langu, Mbiti, yaani fisi, na wenzako wanalicheka. Watoto walionitangulia walikufa wote. Nilipozaliwa, mama alinilaza njiani kama mtoto asiyetakiwa, jirani akaniokota, nikaitwa Mbiti ili kifo kinidharau. Ndiyo desturi yetu Mbeere.

Nilipopata ukarani Embu nilijiita Samweli tu, jina la ubatizo. Kisha, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, askari walizingira soko la Ishiara, nami kipande, yaani kitambulisho, nilikuwa nimekisahau nyumbani. Wakataka kunipandisha lori la kizuizini.

"Mimi ni Samweli, karani," nikasema.

"Nani anamjua Samweli?" askari mmoja akauliza umati.

Ndipo mzee Juma, mchinjaji, akapaza sauti: "Samweli gani, afande? Huyo ni Mbiti! Mama yake alimlaza njiani, Mungu akamwokota. Hata mbuzi wangu wanamjua!"

Soko zima likacheka, askari naye akacheka, akaniachilia.

Jioni nilimsimulia mama. Akasema, "Siku ile sikukutupa, mwanangu. Nilikuwa nakukabidhi."

Ukija likizoni, shuka Ishiara, uliza kwa Mbiti. Ukimuulizia Samweli, utalala stendi.

Babu yako