Mlango wa Tano kwa Mdomo wa Kimaiyo

Jumapili, 1 Juni 1958

Nimenyimwa! Mchana kweupe, mbele ya watu!

Mwalimu Ephantus alitufikia kutoka Nakuru kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Baada ya ibada akatuambia: chuo cha wainjilisti kimetupa watu wa shamba hili nafasi moja. Moja tu. Waliojitoa ni wawili, mimi na Kimaiyo, karani wa maziwa. Kila mmoja ahubiri Jumapili yake kutoka kitabu cha Mwanzo. Atakayegusa watu ndiye atakwenda. Miaka miwili, chakula bure, halafu unarudi unaitwa Mwalimu Khisa. Mimi huyu!

Halafu akagawa. Kimaiyo – mlango wa kwanza. Nuru, bahari, nyota, nyangumi, simba, vyote. Mimi – mlango wa tano. Nikaufungua palepale. Fulani akaishi miaka mia na kitu, akamzaa fulani, akafa. Yule naye akaishi, akazaa, akafa. Hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa. Hakuna hata mnyama mmoja!

Nikasema, Mwalimu, hii si mahubiri, hii ni rejista ya vipande vya wafanyakazi. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema hakuna ukurasa mkavu, kuna mhubiri mvivu.

Kimaiyo akanishika bega: "Pole, ndugu yangu." Pole ya nini? Nani amefiwa?

Jumanne, 3 Juni

Yule mtu anahubiria ng'ombe. Nimesikia kwa masikio yangu. Mimi niko ndani nazungusha mashine ya kutenga krimu na maziwa, yeye yuko nje na buku lake la maziwa, sauti imejaa kama pipa: "Na iwe nuru!" Ng'ombe wamemtazama tu. Lakini Cherono, binti wa nyapara, alisimama na ndoo yake mpaka maziwa yakaingia nzi.

Mimi nikizungusha mashine hakuna anayesimama.

Haya, tuseme ukweli. Yeye amefika standadi eiti, mimi standadi foo. Sikuacha kwa ujinga. Mwalimu mkuu na mimi hatukuelewana juu ya kuku wake. Na yeye ana soksi. Mtu anakanyaga mavi ya ng'ombe kutwa nzima, na soksi!

Jumapili, 8 Juni

Kimaiyo amehubiri leo.

Kanisa letu ni kibanda cha kukaushia pareto, Bwana mwenye shamba anatupa siku ya Jumapili. Vumbi la maua bado liko hewani, kwa hiyo hata mahubiri mabaya yanapigiwa chafya. Upande wa kushoto wamama wa Kinandi, upande wa kulia wamama wetu wa Kibukusu. Wazee wa pande zote mbili Kiswahili hawakijui. Mhubiri anasema Kiswahili, kisha anarudia kwa lugha ya kwao. Upande wa pili wanageuziwa lugha na mwenzake. Leo mwenzake nilikuwa mimi.

Akasema nuru ilikuja siku ya kwanza na jua likaja siku ya nne. Akasema, mnashangaa nini, nyinyi watu wa maziwa? Si mnaamka, mnakamua, mnaona chuchu na ndoo, na jua bado halijachungulia vilima vya Dundori? Basi Mungu naye ni mtu wa zamu ya alfajiri. Alianza kazi kabla ya jua.

Wanandi wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu akafumba macho kama mtu anayekunywa uji wa moto. Hata mimi kitu kilinigusa hapa chini ya mbavu. Nikakasirika.

Wakageuka kwangu, wamama wetu wakingoja. Nikawageuzia: "Mungu alifanya mwanga."

Basi. Yeye anamwaga, mimi nachuja. Ndege wa angani pamoja na jinsi kila mmoja alivyopewa wimbo wake? "Alifanya ndege pia." Kufika siku ya sita upande wangu ulikuwa umelala, wawili wanakoroma.

Raha niliyoona! Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 9 Juni

Senge Eucabeth, dada ya baba, amenishika asubuhi kisimani. Ananiuliza: mwenzako alisema mpaka jasho likamtoka, wewe ukatupa neno moja moja kama unagawia mtoto njugu. Mengine umeweka wapi? Nikasema Kinandi kina maneno mengi ya bure. Akasema yeye hakusikiliza Kinandi, alitazama uso wa Mwalimu.

Halafu saa ya kupima maziwa Kimaiyo anaandika tu, hata hajainua kichwa: "Khisa, Kibukusu ni lugha fupi sana."

Na akatabasamu!

Ndipo nimeelewa. Jumapili ijayo mimi nasema, na yeye ndiye wa kunigeuzia upande wa kushoto. Mahubiri yangu yote yatapita katika mdomo ule. Na mimi Kinandi najua "maji" na "toka hapa".

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu, yuko kwa nyapara wiki hii. Nimeomba Cherono anigeuzie. Nikasema sauti ya Kimaiyo inahitaji kupumzishwa. Mwalimu akasema roho yako ndiyo inahitaji kupumzishwa. Amekataa.

Cherono alikuwa anasikia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi natengeneza mwenyewe. Methusela, miaka mia tisa sitini na tisa! Nimepiga hesabu angezungusha mashine ya krimu mara ngapi. Hiyo watacheka. Lakini baadaye nimekaa na ukurasa ule, na hapa sifanyi mzaha. Watu hawa wamekula, wamelima, wamegombana na wake zao miaka mia tisa, na kila mmoja kapewa mstari mmoja. Mmoja! Ila Henoko, huyo hakuandikiwa akafa. Alitembea na Mungu, akatoweka. Hapo najua kuna kitu. Nakiona, lakini nikinyoosha mkono kinarudi nyuma.

Kimaiyo amekuja kuomba asome mahubiri mapema, ati apate kutafuta maneno mazuri. Nimemwambia yako kichwani. Anafikiri mimi ni mtoto?

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshika majina yote kumi. Adamu, Sethi, Enoshi, Kenani, Mahalaleli, Yaredi, Henoko, Methusela, Lameki, Nuhu. Nimeyasema nikizungusha. Krimu imetoka nzito kuliko siku zote, hata Bwana amesifu.

Kesho. Karatasi sitabeba. Karatasi ni ya makarani.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda!! Nadhani.

Nilianza kama moto. Rejista ya vipande ya Mungu – wakacheka. Adamu, akafa. Sethi, akafa. Nikawafundisha waitikie "akafa" pande zote mbili, kibanda kikatetemeka. Kimaiyo kushoto kwangu ananifuata hatua kwa hatua, fupi kwa fupi. Nikasema moyoni, kumbe ni mwoga.

Nikafika Henoko. Na kichwa kikafungwa. Peupe! Nikasema, "Henoko hakuonekana tena." Nikangoja kingine kije. Hakikuja. Nikasema tena, "Henoko... hakuonekana tena." Jasho. Mara ya tatu hilohilo.

Na kila mara Kimaiyo anageuza. Mara ya kwanza kidogo. Mara ya pili akaendelea. Mara ya tatu, maneno yangu matatu, yeye alisema muda wa kumkamua ng'ombe mzima! Kwa sauti ya chini, si ile ya pipa. Nikaona Gogo Cheptanui, yule bibi kizee anayechuma pareto nyuma ya wengine, amesimama. Machozi yanatiririka wala hafuti. Wakasimama wengine. Wamama wetu wa kulia kuona wenzao wanalia, nao wakalia, hata sababu hawajui.

Mwalimu Ephantus, ambaye Kinandi hakijui, amenikumbatia. Amesema: lile neno ulilirudia mara tatu kama mtu anayegonga msumari, nani alikufundisha? Nikasema ni kipaji tu.

Gogo Cheptanui akaja na mikono yote miwili. Akanishika mimi. Mimi! Lakini macho yake yalikuwa kwa Kimaiyo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemvizia Cherono njia ya maji. Nimemwuliza, jana Kimaiyo alisema nini?

"Wewe si ndiye uliyehubiri?"

Nikamwambia aache mchezo.

Akaweka debe chini. Amesema alisema hivi: Khisa anasema, wako tuliowazika, kaburi tunalijua, hao wana mstari wao, akafa. Na wako waliotoka tu mlangoni. Kibet wa Gogo Cheptanui alikwenda vita vya Burma, meli ikarudi, yeye hakushuka. Mpaka leo hakuna aliyemletea mama yake neno hilo, amekufa au yuko. Khisa anasema, Mungu anao mstari wa hao pia. Hawakuandikwa wamekufa. Wameandikwa wanatembea naye.

Kila mara, ati: Khisa anasema. Khisa anasema.

Cherono akasema, "Mimi nasikia lugha zote mbili, Khisa. Wewe ulisema maneno matatu." Akajitwika debe lake akaenda.

Kile kitu nilichokuwa nakinyooshea mkono! Yeye alikiokota akiwa amesimama pembeni yangu. Angenifupisha, ningemchukia vizuri. Sasa nimchukie kwa nini?

Lakini namchukia. Zaidi ya jana.

Jumanne, 17 Juni

Mwalimu amenichagua. Amesema mbele ya nyapara. Wamenipa mkono. Senge amepiga vigelegele mpaka ndama wakakimbia.

Kuna fomu. Jina, kabila, umri – nimejaza. Halafu chini, nusu ukurasa mtupu: andika mahubiri uliyotoa, kwa maneno yako mwenyewe.

Niko chumba cha mashine. Lori la maziwa linashuka Nakuru saa nne, na Mwalimu anashuka nalo, na fomu. Nimeandika Adamu mpaka Yaredi, safi, mzaha na yote. Kisha nimeisukuma kando nikachukua kitabu hiki.

Kimaiyo yuko mlangoni, amekalia mkebe mkubwa wa maziwa, amenipa mgongo. Nimemwuliza, kwa nini hukumwambia Mwalimu?

"Nilikuwa nageuza tu."

"Hayo sikusema!"

"Ulikuwa unakaribia."

Unaona mtu huyu? Hata kunipiga anakataa! Nikiandika yale ya Kibet, nimekwenda, nimekuwa Mwalimu Khisa, na kila nikipanda mbele ya watu atakuwa pembeni yangu. Nikiandika maneno yangu matatu, anakwenda yeye, na Cherono anasimama na ndoo mpaka lori lipotee.

Dereva anawasha. Mwalimu anauliza kwa sauti huko nje, Khisa, umemaliza?

Sijafungua mdomo. Kimaiyo ameshamjibu: "Bado kidogo, Mwalimu. Amefika Henoko."