Nilimwambia binti yangu afute habari za ugonjwa wa mamake, sasa najuta

Bi Dhahabu, salaam nyingi. Mimi si mtu wa barua, shule niliachia darasa la tano, hapa naandika kwa simu na vidole vyangu vimezoea mawe, ukiona makosa nivumilie, lakini nina jambo limenikaa kifuani na naomba unitolee kabla ya Ijumaa.

Mimi ni kibarua wa mjengo, naishi Mtongwe huku Likoni. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Nina binti mmoja, Samiha, amemaliza kidato cha nne na amepita vizuri, ataka kusomea udaktari wa meno. Kuna chuo cha ng'ambo chatoa ufadhili, walipa kila kitu mpaka ndege, lakini kwanza ujaze maombi kwenye mtandao, na humo wataka uwaeleze mambo matatu uliyoyafanya au uliyoyapitia, yaonyeshe wafaa kazi ya meno. Matatu tu. Mwisho Ijumaa.

Sasa, mamake aliugua kinywa. Kilianza kidonda kando ya ulimi, akasukutua chumvi, akatia karafuu, hakikupona, tulipofika hospitali tukaambiwa ni saratani na imekwenda mbali. Mke wangu alikuwa mtu wa kucheka, ukienda harusini ukimsikia wajua yuko chumba gani, na ule ugonjwa ukamla hapo hapo pa kuchekea. Akaanza kujifunika leso mdomoni. Halafu akakataa wageni. Halafu akanikataa mimi. Akanambia, "Wewe lala ukumbini. Nataka unikumbuke nilivyokuwa." Nikalala ukumbini. Aliyeingia ni Samiha pekee, alikuwa kidato cha tatu, asubuhi kabla ya shule na akirudi, akimsafisha kinywa kwa kitambaa kidoleni, polepole, kwa maji ya chumvi, akimnywesha uji mwembamba, akifukiza udi. Mimi kazi yangu kuteka maji, naweka ndoo mlangoni, nabisha, naondoka. Siku moja nimesimama pale nikamsikia mamake amwambia, "Haya unayoyaona humu mwanangu, usiyatoe nje." Samiha akajibu, "Siyatoi, mama."

Juzi akanisomea alivyoandika. La kwanza ndilo hilo. Ameeleza kwamba ndani ya chumba kile ndimo alimojifunza kutoogopa kinywa cha mtu, na kujua bila kuambiwa ni upande gani wauma leo. Na kuna pahali ameandika, baba alikuwa akituletea maji mlangoni. Nikahisi joto mwili mzima. Nikamwambia, "Hiyo ya mamako itoe."

"Niweke nini?"

"Weka mikoko."

"Mikoko nilienda kupanda siku moja, baba. Nikapewa fulana nikarudi."

"Si ulienda? Weka. Weka na ukiranja."

Akanitazama. "Na ile kliniki ya meno ya Nyali?"

"Hiyo useme ulikuwa ukisaidia madaktari."

"Nilikuwa naosha trei na kufungulia watu mlango."

"Wao watajuaje?"

Mastura, dadake mke wangu, alikuwa pale achambua mchicha, naye akaingia. "Babako asema kweli. Dadangu tumemzika na siri yake, leo wamfukua kwa kalamu upate kupanda ndege?" Samiha akainamia maandishi yake. Akaitoa.

Jana akanisomea hiyo mpya. Bi Dhahabu, ilikuwa kama tangazo la chifu. Hakuna mtu ndani. Akasema, "Ndiyo hiyo, baba," akaingia chumbani, kile kile cha mamake ndicho chake sasa, akarudisha mlango. Tangu hapo akinisemesha ni habari ya chakula tu. Hajalia. Angelia ningejua la kufanya. Nimekwenda mlangoni nikataka kumwita, nikarudi, nikaenda tena, nikarudi.

Najuta nilivyomwambia. Lakini mamake aliomba stara, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na aliyekufa hawezi kurudi kusema amebadilisha. Na huyu akinyimwa chuo kwa ajili ya mikoko, nitamtazama vipi. Nambie nifanye nini, na usinionee haya.

Baba Samiha, Mtongwe


BI DHAHABU AJIBU

Baba Samiha, pole kwa msiba, na sikuonei haya. Majina yenu nimeyabadilisha. Lakini Mtongwe si kubwa, na leo kuna watu wanasoma hapa na wamekwisha kukujua. Naanzia hapo makusudi. Umemkataza mwanao asiwaandikie watu watatu wanne wa ng'ambo, wasiomjua mamake hata kwa sura, halafu umekaa kitako ukaliandikia gazeti la pwani nzima. Kidonda, leso, udi, ndoo, vyote umevitoa. Nani aliyetangulia kuyatoa nje, wewe au yeye?

Usikasirike. Irudie barua yako uisome. Mimi nimeisoma na sikumwona mwanamke wa kuaibisha. Nimemwona mtu aliyekuwa akicheka harusini mpaka watu wakajua yuko chumba gani. Hukunambia sura yake iligeuka vipi. Udi umeutaja, ulichokuwa ukifukiziwa hukukitaja. Umenieleza yote na bado umemfunika, wewe wa darasa la tano. Basi kwa nini wadhani binti aliyekaa naye ndani hawezi?

Neno la marehemu silipuuzi. Alisema yasitoke, na yasitoke: kidonda kilivyokuwa, na alivyolia, kama alilia. Hayo ni yake na amekwenda nayo. Lakini mikono iliyomsafisha ni ya Samiha. Aandike mikono yake. Aandike alivyojifunza kwenda polepole, alivyojua upande unaouma kwa kumtazama mgonjwa macho. Hao watu hawakuuliza mamake alikufaje, wameuliza yeye ni nani, na yeye ni huyo. Bi Mastura ana uchungu wa dadake, namuelewa, lakini mwambie kwa adabu kwamba aliyeaminiwa kwa siri ile ni mtoto, na mtoto anajua mpaka wake uko wapi kuliko nyinyi nyote mliokaa ukumbini.

Tena tusidanganyane, kaka yangu. Hukuhisi joto aliposoma kidonda. Ulihisi joto aliposoma maji mlangoni. Ulisikia umeandikwa mtu wa mlangoni. Ulilala ukumbini kwa kuwa mkeo alikwambia, na pengine ulishukuru kidogo kuambiwa, hilo liko baina yako na Mola wako, mimi sina la kuhukumu. Ila nikwambie, mtoto hakuandika hayo kukusema. Alikuwa ndani na mgonjwa, na kila alipofungua mlango maji yapo. Amelikumbuka hilo miaka yote hii, wewe ndiye uliyelionea aibu. Mstari huo aurudishe kama ulivyokuwa.

Kliniki aiweke, na aseme alikuwa akiosha trei na kufungua mlango. Anayefungua mlango wa daktari wa meno ndiye anayeona nyuso za watu wanavyoogopa kabla hawajakaa kitini, basi aeleze alichokiona. Hapo ndipo uliponikera hasa. Mwanao ataka kazi ya kutia sindano vinywani mwa watu, watu wafumbe macho wamwamini, na wewe wamfundisha kusema "watajuaje"? Wakimpigia simu wakamuuliza alisaidia kung'oa jino gani, utamjibia wewe? Mikoko aitoe, fulana alalie. Hilo la tatu achague mwenyewe. Likiwa ukiranja sawa, likiwa jingine sawa, wewe hapo nyamaza.

Ufadhili wenyewe sikuahidi, hakuna awezaye. Pengine watampa, pengine watampa mwengine. Lakini akinyimwa awe amenyimwa yeye, si yule mtu wa tangazo la chifu mliyemtunga nyinyi wawili juu ya mchicha.

Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine ili itoke leo Jumatano, muda bado upo. Jioni ukitoka mjengoni oga, badilisha nguo. Usimwite kutoka ukumbini, atakuitikia abee na mtarudi pale pale. Usibishe ukaondoka. Fungua mlango uingie, ukae kitandani hapo alipokuwa akilala mamake, na umwambie akusomee ile ya kwanza, yote, na maji ya mlangoni yakiwemo. Akimaliza mwambie ndiyo hiyo. Akilia, sasa wajua la kufanya. Na akirudi kuandika, usitoke humo chumbani mpaka amalize.