Herufi Kubwa za Baba

Dada Resti mpendwa,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko nyumbani? Mimi mzima, ila baridi ya huku Uswidi bado inanionea.

Tangu uliponiambia juzi kwenye simu kwamba Baba alikwama katikati ya somo kanisani, sina raha. Ni sisi wawili tu tunaojua kwamba macho yake hayakioni tena kitabu. Jumamosi huyasoma masomo kwenye ile kompyuta niliyoileta Krismasi, herufi nimezikuza kama maharage, anayashika kichwani, kesho yake anasimama mbele ya watu kitabu mkononi. Amekuwa msomaji wetu tangu sijazaliwa. Akinyang'anywa hilo atabaki na nini?

Mashine ilikuwa inaingia yenyewe. Tangu umeme ulipokatika ghafla, inasimama pale mwanzo na kudai neno la siri. Herufi kubwa nilizoweka ziko ndani. Pale mlangoni ni ndogo kama chawa. Baba haoni anachoandika, anakosea, inamkatalia. Hata wewe hakuambii hilo neno, ati Deo alisema asimwambie mtu! Nilisema tu, dada, kama mafundi wote wanavyosema, yeye kalishika kama siri ya kitubio. Na ulipotaka kumsomea akainuka akaenda zake migombani.

Bado nakusikia juzi.

"Unaona nini kwenye kioo?"

"Nione nini, niko barabarani! Ndani mtandao haushiki. Ngoja nikimbie nikaangalie."

Ukarudi unahema. "Kuna kidude pale chini, kina maneno ya Kizungu."

"Yanasemaje?"

"Yesu wangu! Sikuyasoma."

Kadi yangu ya simu ikaisha. Nilicheka, halafu nikalia. Nimenunua nyingine, simu yako haipatikani.

Nilitaka kukuambia hivi: penye jina andika root, ndilo jina la kuingilia fundi, na neno lake la siri ni jina la yule ng'ombe wetu mweusi. Ukiingia, tafuta mipangilio ya ukurasa wa kuingilia, ukuze herufi, au uiambie iingie yenyewe kama zamani. Nadhani ni hapo. Kusema kweli sina uhakika, na huku sina mashine kama hiyo ya kujaribia. Yule fundi wa Njoro msimwite. Linux, programu inayoiendesha mashine hiyo, haijui, atafuta kila kitu, na masomo yote niliyoyachapa yamo humo.

Nisalimie mama mdogo wa Shirimatunda, na shemeji wa Chekereni akitoka kwenye mpunga wake. Baba mpe shikamoo yangu, haya mengine usimwambie.

Barua hii itafika baada ya wiki mbili, tatu. Leo ni Jumapili, dada. Huko misa ya kwanza imeshaanza, na saa hii watu wameketi wanangoja somo. Sijui kama Baba ameinuka.

Mdogo wako,
Deo