Jina la Kuitwa Mara Mbili

Kalemie, mtaa wa Kitali
Tarehe 14 Agosti

Yaya Jacob, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Mama Keren na watoto. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na kile kifua cha Keren kiwe kimepoa. Sisi huku tunasukuma siku. Ziwa limerudi nyuma kidogo mwaka huu, lakini nyumba yetu ya zamani bado imo majini hadi madirishani, na kambare wanazaliana mle sebuleni ambamo Mama alikuwa anatukataza kuingia na viatu. Mimi ni mzima wa mwili. Bado nafundisha darasa la tatu, na sauti imekuwa ya kunguru kwa sababu ya chaki.

Barua hii nimempa Mama Émérence, yule wa vitenge, ambaye huvuka ziwa kuja huko kwenu Kigoma kila mwezi. Nimemwambia aitie mkononi mwako mwenyewe. Najua utacheka, wewe unayesema barua ni kazi ya mapadri. Lakini ulichoniuliza kwenye simu hakisemeki kwenye simu.

Uliniomba nikuandikie asili na maana ya jina Mwelwa, ukurasa mmoja tu, umpelekee wakili. Ulisema mtoto mchanga ameshaandikwa Mwelwa kwenye cheti chake, na kwamba mwezi ujao utaapa mbele ya wakili ili wewe na watoto wote muache Kalumbi muitwe Mwelwa, kama msalaba wa kaburi la baba yetu, Papa, unavyosema. Yaya, nakuomba usiape kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nianze na Kalumbi, maana ndilo tulilokua nalo. Unakumbuka Papa alivyotuambia kwamba Kalumbi alikuwa babu wa babu yetu, mhunzi wa Mpala, mtu asiyeogopa mtu. Wewe ulipigana shuleni kwa ajili ya huyo mhunzi, ukarudi nyumbani umepungukiwa jino. Hakukuwa na mhunzi. Kalumbi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mvuvi, na watu wetu ndio waliomuua.

Papa alinieleza mwezi wa kwanza, siku tulipotoka kwa daktari tukijua kwamba ini lake haliponi tena. Alinituma nifunge mlango, ingawa uani hakukuwa na mtu ila kuku. Alisema hakuzaliwa Mpala bali Zongwe. Alipokuwa na miaka saba hivi, mjomba wake alikwenda kuwinda na gobori kwenye matete ya ziwa. Akaona kitu kinatikisika, akadhani ni nguruwe pori, akapiga. Kumbe ni Kalumbi, aliyekuja kukata matete ya kufumia mitego yake.

Wazee wa pande zote mbili hawakutaka Wabelgiji wajue. Serikali ingemfunga aliyeua, na waliofiwa wangebaki mikono mitupu. Walikaa siku tatu, wakamaliza kwa desturi ya zamani, mtu kwa mtu. Aliyeua hutoa mtu wa damu yake, naye huyo huingia mahali pa marehemu, akachukua jina lake, mama yake na kitanda chake. Na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake, mjomba hakumgusa mwanawe wa kumzaa. Alimtoa mtoto wa dada yake, ndiye Papa.

Walimnyoa nywele kulekule Zongwe, wakamvusha hadi Mpala na mtumbwi, na yule mama aliyefiwa akammwagia maji kichwani akamwambia kwamba yeye ni Kalumbi, karibu nyumbani. Ni yule Nkambo, bibi yetu wa Mpala, uliyemwona ukiwa mdogo. Mimi simkumbuki ila harufu ya tumbaku yake. Papa alisema hakuwa mama mbaya. Alimpa sahani ya marehemu, wavu wa marehemu na suruali ya marehemu, ile ya kaki ya kwendea misa, ameikunja mara sita kila mguu. Kila baada ya Pasaka mbili alikunjua kunjo moja. Alipokunjua la mwisho, Papa akiwa kijana, yule mama alikaa chini akalia, akasema sasa mwanangu amefika. Papa alisema siku ile aliogopa kuliko siku aliyonyolewa, kwa sababu aliona kwamba suruali imemtosha kweli.

Sasa nikukumbushe jambo. Unajua tulivyokuwa tunamcheka Papa kwamba ni nusu kiziwi. Ukimwita ukiwa nyuma yake, "Papa Kalumbi," hageuki. Unaita tena, ndipo anageuka. Hata wenzake wa kazi ya reli walizoea kumwita mara mbili mbili. Yaya, masikio yake yalikuwa mazima. Miaka sabini na zaidi, na kila alipoitwa ilibidi kwanza akumbuke kwamba anayeitwa ni yeye.

Nilimuuliza basi jina lake la kweli ni lipi. Akaniambia amelisahau. Halikumtoka kwa siku moja. Kule Mpala walimchapa akilitaja, kwa hiyo alijifunza kulitaja chini ya maji akioga ziwani, mdomo umezama, mtu asisikie. Alifanya hivyo mwaka mmoja, miwili, mitatu. Halafu siku moja alizama, akafungua mdomo, akakuta hamna kitu.

Akanishika mkono, akanituma Zongwe. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Gisèle, Kalumbi yeye iko na kaburi yake. Mie munizike na jina yangu. Enda unitafutie."

Nilikwenda. Siku mbili ndani ya boti ya mashine, katikati ya magunia ya muhogo na mbuzi wa watu. Zongwe nilimkuta dada yake Papa, Mama Agathe, aliyezaliwa baada ya Papa kutolewa. Hata hakujua kama ana kaka aliye hai. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa kama mtu anayechagua nyanya sokoni, halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kaburi la baba yangu.

Ndiyo, Yaya. Papa alikuwa hai Kalemie, anakunywa uji, na Zongwe alikuwa na kaburi lake. Ni kilima kidogo cha mawe, urefu wa mtoto wa miaka saba. Zile nywele walizomnyoa walizizika pale pamoja na kucha zake, wakamlilia siku nzima kama maiti, na jina lake likazikwa humo, marufuku kutajwa. Mama Agathe alisema mama yao aliwasha mshumaa pale kila Siku ya Marehemu mpaka alipokufa. Wao watoto walidhani ni kaburi la kichanga. Walipomuuliza jina lake, aliwapiga. Ukweli aliwaambia akikaribia kufa, bila kulitaja jina.

Aliyebaki kulijua ni mtu mmoja, Papa Israël, mtoto wa yule mjomba mwenye gobori. Ni rika moja na Papa, walicheza pamoja. Nilimpelekea sukari, sabuni na kitambaa cha shati. Alivipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa. Siku ya pili nilirudi, akakataa. Siku ya tatu nilipiga magoti, mimi mwalimu mzima, mbele ya wajukuu zake. Akaniambia: "Mutoto wangu, jina ile tulizika. Ukiifukua, malipo imevunjika. Batu ba Mpala watakuja kuomba muntu tena, na watachukua nani? Angalia hawa batoto."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Mimi mwenyewe niliwaangalia wale watoto, nikanyanyuka nikaondoka.

Nilirudi Kalemie mikono mitupu. Papa alikuwa amelala ameelekea ukutani, hajala siku tatu, tumbo limejaa maji. Bila kugeuka aliuliza kama nimelileta. Nilisimama mlangoni na vumbi la safari. Nikamwita kwa sauti ya mwanamke anayemwita mtoto wake aje kula: "Mwelwa."

Papa akageuka. Mara ya kwanza, Yaya. Akaitikia, "Eyo, mama," na macho yake hayakuniona mimi. Halafu akalia, akacheka, akaomba uji. Siku mbili alikuwa ananiambia nimwite tena, na kila mara aliitika mara moja. Siku ya tatu asubuhi nilimwita, hakuitika.

Najua umeshaelewa. Ndiyo, nilimdanganya. Nawe nilikudanganya kwenye simu nilipokuambia kwamba Zongwe wamenipa jina. Niliogopa kukwambia kwamba baba yetu anakufa bila jina, wakati wewe huna hata njia ya kuvuka kuja kumwona. Nilidhani uongo ule utazikwa naye. Sikujua kwamba mwezi wa tano utazaa mtoto wa kiume, na kwamba furaha itakutuma kumpa jina la babu yake kabla hujaniuliza.

Na hilo si yote. Watu wa Mpala walikuja kwenye kilio, wazee wanne na mwanamke mmoja. Walitandikiwa mkeka. Walipofika makaburini wakasoma msalaba, jina la ubatizo na lile nililompa, "Augustin Mwelwa," wakatazamana. Yule mwanamke akaniuliza polepole, bila hasira: "Basi Kalumbi yetu mulimuzika wapi?" Waliondoka bila kula. Tangu siku ile nasubiri waje, na hawajaja. Labda hawatakuja. Lakini Papa Israël hakuwa mjinga, na nikisikia hodi mchana nikiwa peke yangu, nachungulia kwanza dirishani.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu ukurasa wa kwanza. Sikuliokota jina lile barabarani.

Unakumbuka mwaka ule mliambiwa nimelazwa kwa malaria, na Mama Keren akanitumia yale mashuka ya maua? Haikuwa malaria. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, ambayo nilikuwa nimewaficha kwa sababu mimba mbili za kwanza ziliharibika, na nilichoka kupokea pole. Mtoto alitoka mzima wa viungo, ana nywele nyingi, ana vidole virefu vya Papa. Hakulia. Mkunga alinishika mkono mpaka mwisho, na yeye aliitwa Mwelwa, kwa hiyo mwanangu nikampa jina la mkunga. Kwa desturi yetu mtoto ambaye hakulia hapewi jina wala msalaba. Willy, mume wangu, alimzika na jembe kabla ya jua kupanda, akaenda machimboni Manono, na huko aliko hajaniandikia hata neno moja. Jina lile sikumwambia hata yeye. Nililitunza miaka yote hiyo, na sikuwahi kuliita kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na wa kuitika.

Siku ile mlangoni, nilipotafuta jina la kumpa baba yangu, sikuwa na jingine lililo langu la kutoa. Hayo ndiyo asili na maana uliyoniuliza. Sijui wakili atayaandika namna gani.

Nimekosa kwako, na naomba unisamehe. Kama utaona aibu mwanao kuitwa jina la mtoto wangu aliyekufa, libadilishe, sitakununia. Mkibaki Kalumbi, mjue mnabeba jina la mtu aliyeuawa na watu wetu, mlibebe kwa heshima, na siku moja umpeleke mwanao mkubwa Mpala akasalimie. Jina letu la kweli limelala chini ya mawe Zongwe, na Papa Israël atakufa nalo. Nimelala na jambo hilo miezi mitano na bado linaniuma.

Lakini kama utaliacha Mwelwa libaki lake, nakuomba kitu kimoja. Mtoto akianza kutembea, simama nyuma yake, umwite mara moja tu, Mwelwa. Akigeuka, niandikie.

Nisalimie watoto wote, uwabusu kwa niaba yangu. Msalimie sana Mama Keren, mwambie yale mashuka bado ninayo. Mama Agathe anakusalimu bila kukujua, na majirani wa zamani wa reli wanakuulizia. Mungu awalinde upande huo wa ziwa, nasi atulinde huku.

Unajua hapa mtaani kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, isipokuwa mimi, ninayeitwa Mama Gisèle. Niruhusu, kwenye karatasi hii tu, niweke sahihi kama wenzangu.

Ni mimi dada yako,

Mama Mwelwa