Kongosho la Mama

Katelembo, 3 Agosti 2006

Kwako Nzioka,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, Syombua na watoto mko wazima huko Syokimau. Mimi moyo umechoka, na daktari hanifichi. Simu siiwezi tena. Pumzi haifiki mwisho wa sentensi. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina ombi. Nikikata roho, mpigie dada yako Mutheu kabla ya mtu mwingine yeyote. Anataka kulichunguza kongosho langu katika maabara ya Nairobi anakotafiti kisukari. Lazima litolewe mapema kabla halijaharibika, na daktari hatashika kisu bila sahihi ya mwanangu wa kwanza.

Ni mimi,
Baba yako

Syokimau, 12 Agosti 2006

Baba,

Sisi wazima. Hali yako naipata kwa Mbinya anayekupikia, kwa hiyo siulizi.

Jibu ni hapana. Mutheu nilimfukuza kwenye matanga ya mama mbele ya watu wote, na sababu unaijua. Mama alikuwa na kisukari, naye kila Jumamosi anamletea soda na mandazi. Nikimkataza ananijibu, "Wacha mama afurahi, kwani wewe ni askari?" Akamfurahisha mpaka kaburini. Sasa anataka kukupasua wewe kama mbuzi wa sikukuu?

Utazikwa mwili mzima, kama mama alivyozikwa.

Mwanao,
Nzioka

Katelembo, 30 Agosti 2006

Nzioka,

Hujambo, na nyumba yako haijambo? Huku miguu imevimba. Naandika kidogo, nalala, naandika tena.

Mama yako hakuzikwa mzima. Asubuhi ile alipofariki, ulipokwenda Tala kutafuta mbao za jeneza, nilitia sahihi na kongosho lake likatolewa. Mutheu aliniomba, nikakubali. Mama mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Ulipomwita Mutheu muuaji nilinyamaza, kwa sababu kumtetea kungenilazimu kusema tulichokifanya.

Sikiliza alichokiona. Seli zinazotengeneza insulini hutoa pamoja nayo protini nyingine ndogo, amilini. Ikielea peke yake haina madhara. Lakini utando unaozunguka seli umejengwa kwa mafuta, na baadhi ya mafuta hayo yana chaji hasi inayoivuta amilini. Ikinata pale inajikunja, nyingine zinaishikilia, mwisho zinakuwa nyuzi. Utando unatoboka na seli inakufa. Mutheu alinionyesha kwa hadubini: kipande chembamba cha kongosho la mama juu ya kioo, kimetiwa rangi nyekundu, na chini ya mwanga maalumu nyuzi ziking'aa kijani kila mahali. Anasema mrundiko wa namna ile huchukua miaka. Soda za Jumamosi hazikuujenga.

Mimi na mama yako tulikula chungu kimoja tangu tuoane. Yeye aliugua, mimi sikuugua. Mutheu anataka kulinganisha mafuta ya utando wa seli zangu na yale ya mama, ajue kwa nini zangu zilisalimika.

Kioo kile ninacho, kwenye kopo la majani chai juu ya kabati. Nizike nacho. Nami nizikwe pungufu, niwe sawa na yeye.

Baba yako

Syokimau, 6 Septemba 2006

Baba,

Salamu sina.

Ulinifundisha baiolojia kidato cha tatu, ikatosha. Miaka mitano yote hukuniambia ukweli kuhusu Mutheu. Umeniacha nimchukie dada yangu, watoto wangu hawamjui shangazi yao, na wewe umekaa kwenye kiti chako unakunywa chai, kinywa unacho.

Sahihi hupati. Jitilie mwenyewe, si unajua kumtilia mtu bila kumuuliza? Na usiniandikie tena.

Nzioka

Katelembo, 1 Oktoba 2006

Nzioka,

Mko salama? Sina la kujitetea.

Namba ya Mutheu ni ile ile.

Baba yako

Katelembo, 21 Oktoba 2006

Baba,

Kukujulia hali hakuna maana. Tumekuzika leo.

Jumanne Mbinya aliponiambia umekata roho, niliitafuta ile namba. Kisha nikampigia Mutheu. Baada ya miaka mitano hakusema hata habari. Aliuliza, "Saa ngapi?"

Nikamwambia hana haya.

"Matusi niwekee mpaka kesho," akasema. "Leta kitambulisho, sahihi ni yako."

Niliitia. Usidhani ni kwa ajili yako. Nilimwita muuaji mtu ambaye hakuua, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba. Alitoka chumba cha maiti amekumbatia kijisanduku cha barafu, akilia. Sikumuuliza anamlilia nani kati yako na mama.

Kioo nilikipata ulikosema. Sikukuzika nacho. Watu walipokuwa wakila, mimi na Mutheu tulikwenda kwenye kaburi la mama, tukachimba kwa jembe la Mbinya, tukamrudishia kilicho chake. Mutheu ndiye aliyefukia.

Mama sasa ni mzima. Wewe lala pungufu, peke yako.

Mwanao,
Nzioka